Hiari Yashinda Utumwa: Utumishi na Faraja kama Tendo la Imani katika Fasihi

1.0 Utangulizi

Mojawapo ya majukumu ya mhakiki ni kuyachunguza maneno ambayo jamii imezoea kuyasifu bila kuyauliza swali. Neno "utumishi" ni miongoni mwa maneno hayo. Katika mimbari za makanisa na misikiti, katika hotuba za viongozi na katika tanzia za magazetini, anayewatumikia wengine husifiwa kuwa mcha Mungu. Fasihi nayo haikubaki nyuma. Tangu tenzi za kale hadi riwaya zinazosomwa na wanafunzi wetu wa shule za sekondari, tunakutana na mhusika anayewauguza wagonjwa, kuwalea yatima na kuwafariji waliofiwa. Na msimulizi hutualika tumwone kama kielelezo cha imani.

Makala haya hayanuii kuibeza sifa hiyo. Yananuia kuuliza masharti yake. Ni wakati gani kitendo cha kuhudumia kinakuwa kweli tendo la imani katika kazi ya fasihi, na ni wakati gani kinakuwa jina zuri lililovishwa shurutisho? Swali hili si la nadharia tupu. Kila siku alfajiri, mamia ya wanawake hutembea kutoka Kangemi wakifuata kando ya Waiyaki Way, wakielekea majumba ya Westlands, Loresho, Spring Valley na Lavington kufua, kupika na kulea watoto wa watu. Wengi wao ni waumini, na waajiri wao wengi ni waumini. Tukiwafundisha wasomaji kwamba kutumikia ni kuamini, hatuna budi kueleza ni nani anayenufaika na fundisho hilo.

Dai letu ni kwamba utumishi husomeka kama imani pale tu ambapo matini inatuonyesha mambo matatu: kwamba mhusika angeweza kukataa, kwamba kukubali kwake kumemgharimu kitu, na kwamba anayehudumiwa ni mtu mwenye sauti, wala si chombo cha kumpatia mhudumu thawabu. Tutayapima madai haya kwa simulizi moja ya maisha, utenzi mmoja na riwaya mbili. Methali iliyotupa anwani, "hiari yashinda utumwa", ndiyo mwega wa hoja yetu yote.

2.0 Ushahidi wa lugha

Kabla ya kuziendea matini, yafaa tusikilize lugha yenyewe, kwani Kiswahili kimeubeba mgogoro huu ndani ya maneno yake. Kutokana na kitenzi "tuma" tunapata "mtume", yaani aliyetumwa na Mungu. Tunapata "mtumwa", yaani aliyenyang'anywa uhuru wake. Na kwa kupitia "tumika" na "tumikia" tunapata "mtumishi". Mzizi ni mmoja, lakini hadhi za watu hawa watatu zimeachana kama mbingu na ardhi. Mtume na mtumwa wote wawili wametumwa. Linalowatenganisha ni aliyewatuma, na namna walivyoitikia.

Maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu yana hali iyo hiyo. "Ibada" ina nasaba na neno lenye maana ya mja au mtumwa, ndiyo maana Abdallah ni mtumwa wa Mungu. "Huduma" nalo lina undugu na "hadimu", neno ambalo katika historia ya pwani lilimtaja mtu wa daraja la chini, na ambalo wenyeji wa kusini mwa Unguja walibandikwa likawa jina la kabila. Kwa hiyo, msemaji wa Kiswahili anaposema kwamba huduma ni ibada, amekusanya katika sentensi fupi historia ndefu ya utwana na uchaji. Si ajabu basi kwamba waandishi wetu huteleza kwa urahisi kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kujua.

"Faraja" ni neno la aina nyingine. Asili yake inahusiana na kufunguka, kupata upenyo baada ya kubanwa. Nayo methali husema kwamba baada ya dhiki faraja. Anayefariji, kwa maana hii, haiondoi dhiki ya mwenziwe, bali humfungulia nafasi ya kuvuta pumzi. Tofauti hii ni muhimu katika uhakiki. Utumishi unaweza kuamrishwa, faraja haiwezi. Mwajiri anaweza kumwamuru yaya ambebe mtoto anayelia, lakini hawezi kumwamuru amfariji. Hapo ndipo hiari inapojificha, na hapo ndipo mhakiki anapopaswa kutazama.

3.0 Nyaatha na wachukuzi wa vita

Pale Westlands lipo kanisa kubwa linalojulikana kwa jina la Consolata Shrine. Jina hilo limetoka Torino, Italia, ambako padri Giuseppe Allamano alianzisha shirika la wamisionari wa Consolata mwaka 1901, kisha la masista mwaka 1910. Allamano alitangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Waumini wengi hulifasiri jina la Consolata kuwa Mama Mfariji, na si kosa. Lakini umbo la neno lenyewe katika Kiitalia ni la kutendwa: "aliyefarijiwa". Yaani anayewafariji wengine ni yule ambaye kwanza amefarijiwa. Wazo hili litatufaa tutakapozifikia riwaya.

Kutoka shirika hilo alitokea Sista Irene Stefani, aliyezaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891 na kufika Kenya mwaka 1915. Kati ya 1916 na 1919 alihudumu katika hospitali za wachukuzi wa vita, kwanza Voi na baadaye Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Kuanzia 1920 aliishi Gikondi, Nyeri, akifundisha, akizuru wagonjwa nyumba kwa nyumba, na kuwaandikia barua wasiojua kuandika ambao jamaa zao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi mijini. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyekuwa akimuuguza. Wagikuyu walimwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenye heri mjini Nyeri.

Tunaitaja simulizi hii kwa sababu ndiyo umbo la msingi la masimulizi ya utumishi wa imani yanayosikika Kenya: kuacha nyumbani, kuwauguza wasiojulikana, kuambukizwa, kufa, kupewa jina. Msomaji wa tawasifu na wasifu za kidini atalitambua umbo hilo mara moja. Masharti yetu mawili ya kwanza yanatimizwa bila taabu. Stefani angeweza kubaki kwao. Na gharama aliyoilipa inajulikana.

Ugumu unatokea tunapowageukia wale aliowahudumia. Wachukuzi wale nao walikuwa watumishi. Walibeba risasi, vyakula na majeruhi wa jeshi la Waingereza kupita katika mbuga na mabwawa ya Tanganyika, na hasa baada ya uandikishaji mkubwa wa mwaka 1917 wengi wao walichukuliwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Katika Kenyatta Avenue ipo sanamu ya shaba ya watu watatu, iliyozinduliwa mwaka 1928, na mmoja wa watu hao ni mchukuzi.

Hapa basi tunao watumishi wa aina mbili chini ya paa moja la hospitali ya vita: mmoja aliyechagua, na maelfu ambao hawakuchagua. Simulizi ya kidini humtaja wa kwanza kwa majina yote mawili, la utawa na la sifa. Wa pili wamebaki ni umati wa wagonjwa. Hatusemi haya kumpunguzia sista huyo heshima. Kinyume chake, ukubwa wa kitendo chake hauonekani mpaka tuikumbuke hali ya wale waliolala mbele yake: watu waliofanywa mizigo na mikono, ambao mtu mmoja aliwarudishia nyuso. Simulizi inayoisahau shuruti ya wachukuzi inaidogosha pia hiari ya muuguzi wao. Hili ndilo sharti letu la tatu, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi.

Jambo moja zaidi lastahili kutajwa. Jina Nyaatha halikutolewa na shirika wala na askofu. Lilitolewa na waliohudumiwa. Katika masimulizi yote ya utumishi, swali la nani anayemtaja mtumishi kuwa mwema ni swali la mtazamo wa usimulizi. Sifa ikitoka kwa aliyetuma, tuitilie shaka. Ikitoka kwa aliyefarijiwa, ina uzito wa ushahidi.

4.0 Mwana Kupona: pepo na nyumba ya mabwana

Katika ushairi wa Kiswahili, hakuna matini iliyouunganisha utumishi na imani kwa nguvu kama Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, aliutunga akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake Mwana Hashima. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu utenzi huu. Baadhi ya wahakiki wameuona kuwa katiba ya utiifu wa mwanamke. Wengine wamedai kwamba chini ya utiifu kuna hekima ya mwanamke anayejua kuitawala nyumba kwa upole. Hatukusudii kuurudia mjadala huo. Tunataka tu kuupitisha utenzi katika masharti yetu.

Mama anamfundisha binti kuwa wapo watano ambao radhi yao haikwepeki: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Huduma kwa mume inaelezwa kwa undani wa kinyumbani, hadi namna ya kumpepea alalapo na kumwacha apumzike. Kisha huduma hiyo inaunganishwa na Siku ya Kiyama, ambapo neno la mume litakuwa na uzito katika hatima ya mke. Tukiuliza kama binti angeweza kukataa, jibu la utenzi ni kwamba mlango wa kukataa upo, lakini unafunguka kuelekea motoni. Hiari inayotishiwa moto ni hiari iliyopungua. Hata hivyo, gharama ipo, na tena msemaji mwenyewe ni mwanamke aliyeilipa na ambaye sasa, akiwa kitandani, anatafuta kumwachia mwanawe kitu kitakachomkinga. Wasia wenyewe ni tendo la faraja. Mgonjwa ndiye anayemhudumia mzima, kwa kalamu na wino.

Sharti la tatu ndilo linaloutikisa utenzi. Nyumba ile ya Pate ilikuwa nyumba ya mabwana, na watumwa walikuwamo. Mwana Kupona anawataja: anamwonya bintiye asijichanganye nao isipokuwa wakati wa kazi. Kwa maneno mengine, utumishi wa binti kwa mumewe unainuliwa kuwa njia ya peponi, ilhali utumishi wa mjakazi anayepika chakula hicho hicho hauna thawabu yoyote katika matini. Kitendo ni kimoja. Kwa mmoja ni ibada na kwa mwingine ni kazi. Hapa "mtumishi" na "mtumwa" wamesimama jikoni bega kwa bega, na utenzi umeamua kumwona mmoja tu. Huu si udhaifu wa kiusanii. Ni mpaka wa jamii iliyouzaa utenzi. Lakini mhakiki wa leo hana udhuru wa kutouona, kwa kuwa mpaka huo haukutoweka utumwa ulipopigwa marufuku. Umehamia kwingine.

5.0 Imani ya Kidagaa Kimemwozea

Ken Walibora aliichapisha Kidagaa Kimemwozea mwaka 2012, na riwaya hiyo ikawa kitabu teule katika shule za sekondari za Kenya. Kwa sababu hiyo imesomwa na vijana wengi kuliko kazi nyingi za Kiswahili za karne hii, na kwa sababu hiyo hiyo imeathiriwa na mazoea ya mtihani. Mwanafunzi hufundishwa kuorodhesha "sifa za wahusika": Imani ni mvumilivu, Imani ana huruma, Imani ni mwenye bidii. Huruma inakuwa kama rangi ya nywele, kitu ambacho mhusika amezaliwa nacho. Tunashikilia kwamba orodha hii inaupotosha moyo wa riwaya. Huruma ya Imani si sifa, ni uamuzi. Na unarudiwa mara kwa mara mbele ya macho yetu.

Walibora ni mwandishi wa majina yenye kusema: Amani, Imani, Majisifu, Nasaba Bora, Madhubuti. Msomaji anaweza kuchoshwa na uwazi huo. Lakini jina la Imani lina kazi zaidi ya kutangaza dhamira. Msichana huyu hafanyi mahubiri. Anafika Sokomoko akiwa ameonja dhuluma ya ardhi iliyomnyang'anya mama, na riwaya inapomwajiri katika nyumba ya Mwalimu Majisifu, imani yake haina mahali pengine pa kuonekana isipokuwa katika mikono yake. Kwa lugha ya sehemu ya tatu ya makala haya, yeye ni mfariji ambaye mwenyewe alihitaji kufarijiwa.

Nyumba ya Majisifu ina watoto wenye ulemavu, na wazazi wao wanawaona kama aibu. Majisifu hujificha katika ulevi na katika umaarufu wa kitabu alichokiiba kwa Amani. Dora, mkewe, amelemewa na uchungu. Imani ameajiriwa kufanya kazi za nyumbani. Mshahara umenunua mikono yake: kupika, kufua, kulisha. Haukununua kile anachokiongeza, yaani kuwatendea watoto wale kama watu na kumwonyesha mama yao kwamba inawezekana kuwapenda. Ziada hiyo ndiyo hiari. Kimuundo, hii ni mbinu ya hali ya juu kuliko inavyosifiwa: Walibora amemweka mhusika wake ndani ya kazi ya kulipwa ili tuweze kupima, kwa kutoa, kile kilichotolewa bure.

Lakini hapo hapo pana hatari. Msomaji wa Westlands aliye na mfanyakazi jikoni anaweza kuifunga riwaya akiwa na ombi moja tu: kwamba naye apate yaya kama Imani. Ziada iliyotolewa kwa hiari hugeuka kuwa sharti la ajira. Yaya asiyependa watoto wa tajiri wake anaonekana amepungukiwa si kazini tu, bali hata katika dini. Tukimwacha Imani katika nyumba ya Majisifu pekee, riwaya ingeweza kusomwa kama kitabu cha mwongozo kwa watumishi wa nyumbani.

Kinachoiokoa ni kisa cha mtoto mchanga. Mtoto anaachwa kwenye kibanda cha Amani, mchungaji wa ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Baba halisi wa mtoto ni Mtemi mwenyewe. Amani na Imani hawana wajibu wa damu wala wa mshahara kwake. Wana kila sababu ya kumkataa, ikiwemo masengenyo ya kijiji. Mlango wa kukataa uko wazi kabisa. Wanamlea, na wanamwita Uhuru. Anapougua wanampeleka hospitalini, na huko wale wanaolipwa kuhudumia ndio wasiohudumu. Mtoto anafariki, na walezi wake wanatiwa mbaroni kwa kudaiwa kumwua.

Hapa riwaya inafanya jambo zito. Inawapanga watumishi wote wa Sokomoko katika mizani moja. Mtemi ni mtumishi wa umma kwa cheo. Wauguzi ni watumishi kwa taaluma. Majisifu ni mtumishi wa elimu kwa sifa. Wote wana jina la utumishi na hawana tendo. Mchungaji na kijakazi wana tendo na hawana jina, na dola inawalipa kwa pingu. Kwamba mtoto aliyekufa aliitwa Uhuru ni jambo ambalo kila mwanafunzi hulidondoa kama ishara ya uhuru wa nchi uliouawa na viongozi. Ni kweli, lakini tuongeze: Uhuru alikuwa amepata walezi. Alikufa kwa kukosa huduma ya waliolipwa, si kwa kukosa upendo wa wasiolipwa. Riwaya haidai kwamba huruma ya maskini inatosha. Inadai kwamba haitoshi, na kwamba kuiegemea peke yake ni kuwahalalishia wenye mamlaka uzembe wao. Hili ndilo jibu kwa msomaji anayetaka yaya mwenye moyo wa Imani bila kujiuliza kuhusu hospitali anayotibiwa yaya huyo.

Tusiache kuzitaja kasoro. Kwanza, watoto wa Majisifu hawapewi nafasi ya kutosha ya kusema. Tunaujua wema wa Imani kwa kuwatazama, si kwa kuwasikiliza, na hivyo sharti letu la tatu linatimizwa nusu nusu. Pili, mwisho wa riwaya ni mwepesi mno wa kutoa thawabu. Haki ya Amani inarudi, ardhi ya ukoo wake inajulikana, maadui wanaangamia au wanatubu. Mwandishi amechukua kazi ya Siku ya Kiyama akaimaliza kabla ya jalada la nyuma. Utumishi unaolipwa kwa uhakika kiasi hicho unarudi kukaribiana na biashara. Msamaha wa Amani kwa Majisifu, ambao unakuja pasipo faida yoyote kwake, una nguvu ya kiimani kuliko urithi wote unaomfikia baadaye.

6.0 Paulina, au faraja isiyo na mwanga

Kwa kulinganisha, tutazame riwaya iliyoandikwa kwa Kiingereza lakini iliyozaliwa katika mitaa ya Nairobi: Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, ya mwaka 1986, iliyopata Tuzo ya Sinclair mwaka huo huo. Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akauliza inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu ni riwaya kuhusu mwanamke wa kawaida katika mji wetu, na kwa sababu mwandishi wake mwenyewe aliishi swali letu. Macgoye alizaliwa Southampton mwaka 1928, akaja Kenya mwaka 1954 kama mmisionari muuza vitabu, akaolewa katika jamii ya Waluo mwaka 1960, akachukua uraia wa Kenya mwaka 1964, na kufariki mwezi Desemba 2015. Toleo la riwaya hiyo lililotumiwa na wasomaji wengi wa hapa lilitolewa na East African Educational Publishers, shirika ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na ofisi zake Westlands.

Paulina anawasili Nairobi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, akiwa na miaka kumi na sita, kumfuata mumewe Martin. Mimba inaharibika, anapotea mjini, anapigwa, ndoa inalegea. Baadaye anapata ujuzi wa kufundisha kazi za nyumbani, anapata mtoto wa kiume, na mtoto huyo anauawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969, siku ya ghasia zilizoandamana na ziara ya Rais Kenyatta. Paulina anarudi Nairobi kufanya kazi katika nyumba ya mwanasiasa, na ni katika kipindi hicho ndipo macho yake yanapofunguka kwa watoto wanaorandaranda mitaani.

Macgoye anatenda kinyume cha Walibora. Jina la mhusika halitangazi chochote. Imani yake haisimuliwi kama nguzo. Inaonekana kama mazoea ya mtu aliyezoea kwenda kanisani na asiyelizungumzia sana. Anapoanza kuwajali watoto wa mitaani, hatuelezwi kwamba Mungu amemtuma. Tunachokijua ni kwamba amezika mtoto. Faraja anayoitoa inatokea moja kwa moja katika tundu hilo la msiba, bila daraja la mahubiri. Na kwa kuwa yeye ni mfanyakazi katika nyumba ya watu, huduma yake kwa watoto wale si sehemu ya kazi aliyoajiriwa. Mlango wa kukataa uko wazi, na kuupita kwake hakumpatii shamba wala urithi.

Je, hii ni imani? Mhakiki mwenye msimamo wa kidini anaweza kulalamika kwamba Mungu hajatajwa vya kutosha. Sisi tunaona kwamba riwaya hii imelitimiza sharti la hiari kikamilifu zaidi kuliko matini nyingine zote tulizozitaja, kwa sababu imemnyima mhusika wake kila kichocheo isipokuwa uamuzi wake. Hakuna moto unaomtisha, hakuna jina linalomtangulia, hakuna thawabu inayomngoja katika sura inayofuata. Mwishoni, mwaka 1978, ana mimba tena, na msomaji anaweza kuichukua hiyo kuwa baraka. Lakini mwandishi hakuiandika kama malipo. Kasoro ya riwaya iko kwingine: wema huo umebaki mdogo mno mbele ya ukubwa wa mji, na matini haionekani kutaka kuuliza, kama Walibora anavyouliza, ni nani aliyelipwa kuwalinda watoto wale na hakuwalinda.

7.0 Hitimisho

Tumezipitisha matini nne katika masharti matatu, na hakuna hata moja iliyopita bila doa. Simulizi ya Nyaatha ina hiari na gharama, lakini imewasahau kwa majina wale waliolala vitandani. Utenzi wa Mwana Kupona una gharama na mapenzi ya mama, lakini umeifunga hiari kwa hofu na kuuacha utumishi wa mjakazi nje ya pepo. Kidagaa Kimemwozea ina mizani kali ya kijamii, lakini inaharakisha thawabu. Coming to Birth ina hiari isiyo na unafiki, lakini haiwaulizi wenye mamlaka.

Kutokana na ulinganishi huu tunapendekeza mambo mawili kwa wenzetu. La kwanza ni la ufundishaji. Tuache kuwauliza wanafunzi "Imani ana sifa zipi?" na badala yake tuwaulize "Imani angeweza kufanya nini kingine, na kwa nini hakukifanya?" Swali la kwanza huzaa orodha, la pili huzaa uhakiki, na pengine huzaa raia. La pili ni la utafiti. Mtumishi wa nyumbani amekuwa katika fasihi yetu kwa zaidi ya karne moja na nusu, tangu wajakazi wa Siu hadi yaya wa Sokomoko, na aghalabu amekuwa kioo cha wema au uovu wa mabwana zake. Anastahili kusomwa kama mwenye dini yake, uamuzi wake na uchovu wake.

Mnamo Septemba 2013, siku za shambulio la Westgate, ukumbi wa jamii ya Waoshwal, waumini wa dini ya Kijaini, ulioko karibu na hapo Westlands, uligeuka kuwa mahali pa kuzipokea familia zilizokuwa zikisubiri habari za watu wao. Watu wa dini mbalimbali walileta chakula, maji na mablanketi, na wengine waliketi tu na waliokuwa wakilia. Hakuna aliyewatuma. Kitendo cha aina hiyo hakihitaji sifa za mhakiki. Kinachohitaji ni fasihi itakayokisimulia bila kukipamba, ikimtaja aliyeketi akifariji na aliyefarijiwa kwa uzito ule ule, bila kuwasahau wale ambao, asubuhi iliyofuata, waliingia mtaa huo huo kwa miguu kutoka Kangemi kwa sababu hawakuwa na njia ya kutokwenda kazini.